Mavuno ya Agosti Dodoma: tunaajiri vipi watu wapya kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo cha familia?

Binti_Mpunguzi

Habari za humu wakuu. Mbukwenyi kwa wana Dodoma wenzangu.

Familia yetu ina shamba la zabibu huku Mpunguzi na kiwanda kidogo cha kusindika nyuma ya nyumba. Baba alianza kwa kuuza zabibu mbichi, akaja kuuza mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi, kwa viwanda vikubwa, na sasa tunajaza chupa zenye lebo yetu wenyewe. Siku zote kazi za ndani tumezifanya wenyewe: baba, mama, kaka yangu na mimi. Vibarua tulichukua wa kuvuna tu. Mwaka huu haiwezekani tena. Mizabibu ya Syrah (zabibu nyekundu) tuliyopanda imeanza kuzaa sawasawa, magoti ya baba hayampandishi ngazi ya tangi, na kaka amepata ajira mjini. Lazima tuchukue mtu wa kudumu wa ndani, pamoja na vibarua wengi zaidi shambani.

Kwa wasiojua hali ya huku, Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kwanza huangukia kati ya Februari na Aprili, mvua ikiwa bado ipo, na hapo ni vita na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, na vichana vinavyooza. Ya pili ni Agosti hadi Septemba, kiangazi, usiku kuna baridi, zabibu zinaingia zikiwa kavu na sukari ya kutosha. Mvinyo wetu tunaojivunia unatoka kwenye haya ya pili. Kwa hiyo mtu mpya nikimpata, mtihani wake wa kwanza utakuwa mgumu kuliko yote ya mwaka.

Msimamo wangu ni kwamba mtu wa ndani aajiriwe Juni, asisubiriwe Agosti. Anayeanza kazi siku ambayo gari la zabibu limeshasimama getini hafundishwi, anaamrishwa tu. Shika hiki, mwaga kile, funga pale. Sababu haambiwi, maana hakuna mwenye nafasi ya kueleza. Juni nafasi ipo. Anaosha matangi yaliyo matupu, anafungua pampu na kuifunga mpaka mikono izoee, anajifunza kusoma haidromita, kile kipimo cha sukari kinachoelea, kwenye maji ya sukari kabla hajagusa juisi yenyewe. Sukari tunaipima kwa Brix: gramu 22 za sukari ndani ya gramu 78 za maji ni Brix 22. Mtengenezee 18, mtengenezee 25, mwache asome na kuandika bila kumwambia jibu. Asubuhi moja inatosha kujua kama ana jicho la vipimo au anakisia.

Halafu usafi. Mimi naamini kazi ya mvinyo kwa sehemu kubwa ni kuosha. Nataka kumpa kila anayeomba kazi siku ya majaribio yenye malipo, nimpe tangi moja na mpira mmoja wa kuhamishia mvinyo aoshe. Tangi linaonekana kwa macho, lakini mpira ndio utakaonipa jibu. Aliyeuacha umejikunja chini na maji ndani, kesho yake unanuka uvundo, na uvundo huo unaingia kwenye lita zote zitakazopita humo. Aliyeutundika kwa mteremko, midomo ikitazama chini, maji yakachuruzika yote, huyo namtaka hata kama hajawahi kuonja mvinyo maishani.

Ninachoomba kwenu: vibarua wa kuvuna mnawalipa kwa kreti au kwa siku? Mimi nataka kwa siku, baba anataka kwa kreti, na tumebishana mpaka mama akatuambia twende tukaulize watu. Pia nani ana uzoefu wa kumwajiri ndugu kwenye kazi ya namna hii? Maana simu zimeshaanza.

Mzee_wa_Veyula

Binti yangu, hongera sana, na mpe salamu baba yako. Nimelima zabibu tangu enzi ambazo serikali ndiyo iliyokuwa ikizinunua.

Kwenye malipo niko na baba yako. Ukilipa kwa siku, jua likishapanda utakuta watu wamekaa chini ya mwembe. Kwa kreti mtu anajituma, na aliye hodari anapata zaidi. Hiyo ni haki yake. Mama mmoja anayetuvunia sisi anajaza kreti kwa kasi ambayo vijana wawili hawaifikii. Ukimlipa sawa na mvivu unamdhulumu.

Lakini kreti ziwe za kilo 20, za plastiki, zenye matundu. Hizi habari za viroba tuziache. Zabibu ya chini kwenye kiroba inapasuka, juisi inaanza kuchachuka njiani, nyuki na nzi wanafuata gari mpaka kiwandani.

Binti_Mpunguzi

Shikamoo mzee. Nimekuelewa kuhusu yule mama, na hilo la kumdhulumu linanigusa. Hofu yangu ni kwamba kreti inajazwa haraka kwa kuchanganya: majani, vikonyo, vichana vilivyooza upande mmoja. Kwa zabibu ya kuuza sokoni mnunuzi atachagua. Kwa mvinyo kichana kilichooza kinaingia kwenye tangi pamoja na kizima, na humo huwezi kukitoa tena.

Mtanzania_Rasi

Dada, mimi niko Stellenbosch, Afrika Kusini, nafanya kazi shamba la zabibu. Huku mavuno ni kama Januari hadi Machi, mara moja tu kwa mwaka. Nitakueleza tunavyofanya shambani kwetu.

Kabla ya kuingia kwenye mstari wa kwanza, msimamizi anakusanya timu nzima kwenye mzabibu mmoja. Anakata kichana kizuri, anakata kibovu, anakata kile cha katikati ambacho ndicho kinacholeta ubishi: kimeoza punje tano tu, tunakifanyaje? Anaonyesha kwa mkasi, unatoa punje tano, kilichobaki kinaingia kwenye kreti. Kila mtu anafanya kimoja mbele yake. Dakika kumi, na kutwa nzima hakuna anayeuliza tena. Sisi tunalipwa kima cha siku, juu yake kuna nyongeza ya kreti zilizopita kwa mkaguzi mwisho wa mstari. Kreti yenye uchafu hairudishwi kwa matusi. Inamwagwa kwenye meza, mwenyewe anachambua, halafu inahesabiwa.

Kingine ni muda. Mashamba mengi huku yanavuna usiku au alfajiri kwa taa za kichwani ili zabibu iingie ikiwa baridi. Zabibu nyeupe hasa, hiyo Chenin Blanc yenu, ukiivuna saa saba mchana inafika kiwandani ina joto na harufu yake nzuri imeshapotea nusu. Anza saa kumi na mbili asubuhi, saa nne watu wawe wametoka shambani.

Mzee_wa_Veyula

Hiyo ya kima cha siku na nyongeza kwa kreti safi nimeikubali. Mvivu hatakula jasho la mwenzake, na kreti chafu haihesabiwi. Naona hapo baba na binti wanaweza kukutana.

Shangazi_AreaC

Niongee kuhusu ndugu maana hapo ndipo familia nyingi zinapoumia.

Mwanangu, ndugu si mbaya. Ubaya ni kumwajiri ndugu bila kumwambia ameajiriwa. Anakuja kama mgeni, analala kwenu, anakula kwenu, anafanya kazi pale anapojisikia, mwisho wa mwezi anapewa "kitu kidogo". Yeye anaona ananyonywa, ninyi mnaona mnamlea. Ikija siku ameacha pampu inazunguka kavu, nani atamkemea? Ukimkemea, shangazi wa Kondoa anapiga simu.

Kama ndugu anataka kazi, naye aoshe tangi na mpira siku hiyohiyo na wengine, na mama yake aambiwe mapema kwamba kuna usaili. Akipita, anasaini mkataba uleule na analipwa tarehe ileile. Na asisimamiwe na mtu aliyempigia debe. Huyo hataweza kumwambia kweli.

Mtu_wa_Matangi

Nimesoma hapa naona mnaongelea kreti na mikataba, yote ni mema, lakini hakuna aliyetaja kitu kinachoua. Nisimame hapo kidogo.

Juisi ikichachuka inatoa hewa ya ukaa. Haina rangi, na pua isikupe moyo, maana harufu ya tangi linalochachuka ni tamu na inavutia. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatuama chini: kwenye sakafu, kwenye shimo la pampu, ndani ya tangi lililotolewa mvinyo. Sasa piga hesabu. Lita 1 ya juisi yenye Brix 22, ikichachuka mpaka sukari iishe, inatoa zaidi ya lita 50 za hewa hiyo. Tangi la lita 1,000 linatoa zaidi ya mita za ujazo 50. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari la mita 3 ni mita za ujazo 48. Yaani tangi moja la kawaida, kwa wiki moja hivi ya kuchachuka, linatosha kukijaza chumba chote na kufurika, na viwanda vyetu vidogo vingi ni chumba cha nyumba kilichozibwa madirisha ili nzi wasiingie.

Mtu mpya ndiye anayekufa, kwa sababu ndiye anayetumwa kuingia kwenye tangi kutoa makapi. Na anayemfuata kumwokoa anaanguka juu yake. Katika kiwanda nilichokuwa zamani kijana aliinama kwenye tangi kuchota makapi ya mwisho, miguu ikalegea. Alipona kwa sababu mwenzake alimshika mkanda kwa nje na kumvuta. Angeingia ndani tungezika wawili.

Kwa hiyo dada, kabla hujamfundisha haidromita mfundishe haya. Hakuna mtu kuingiza kichwa ndani ya tangi, sembuse mwili. Makapi yatolewe kwa reki ndefu kupitia mlango wa chini, kama tangi lako halina mlango huo basi chachusha nyekundu kwenye mapipa ya wazi ambayo mkono unafika. Mwenzako akianguka ndani usimfuate: piga kelele, washa feni, mvute kwa kamba ukiwa nje. Tundu la hewa liwe chini ukutani, usawa wa sakafu, na feni ya kufyonza iwekwe hapohapo chini. Feni ya darini haisaidii kitu.

Na msidanganyane na mshumaa. Wazee walikuwa wanashusha mshumaa kwenye pipa, ukizimika hawaingii. Ukizimika kweli usiingie. Lakini ukiendelea kuwaka bado si salama, maana unaweza kuwaka kwenye hewa ambayo tayari inampa mtu kizunguzungu. Kuna vifaa vya kupimia hewa hii, vinanunulika. Nunua kimoja kabla ya kununua mapipa ya mwaloni.

Jambo lingine, dawa ya salfa ya kulinda juisi isiharibike, ile metabaisalfaiti ya potasiamu. Kwa zabibu nzima zisizooza, takriban gramu 9 kwa lita 100 zinakupa kama miligramu 50 za salfa kwa lita. Gramu tisa ni kidogo sana kwa macho, kwa hiyo anayepima kwa kijiko atazidisha tu. Awe na mizani ndogo. Mvuke wake unabana kifua, na mwenye pumu unaweza kumletea shambulio, basi kwenye usaili muulize mtu kama ana pumu, na umweleze kwa nini unauliza. Mwenye pumu hanyimwi kazi, anapangiwa kazi nyingine.

Binti_Mpunguzi

Mkuu, nimemsomea baba hii yote kwa sauti. Ameniambia nimpigie fundi kesho atoboe ukuta. Asante sana, kwa dhati.

Kijana_SUA

Habari dada. Nimemaliza sayansi ya chakula pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Natafuta kazi, na uzi huu umenipa hamu. Sijawahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha mvinyo, nimefanya mafunzo kwa vitendo kiwanda cha maziwa. Naweza kupima pH na tindikali, na najua kutunza kumbukumbu. Je, unaweza kunifikiria au unataka mtu mwenye uzoefu wa mvinyo tu?

Mtu_wa_Matangi

Nimjibie dada kidogo. Aliyetoka kwenye maziwa anajua kuosha kuliko wengi wanaojiita watu wa mvinyo. Maziwa hayasamehe. Kijana, kitakachokushangaza ni kwamba kwenye maziwa unaua kila kidudu, kwenye mvinyo kuna kimoja unamtunza. Hamira ya mvinyo, gramu 20 hadi 25 kwa lita 100, unailoweka kwenye maji safi ya nyuzi 35 hadi 40, mara kumi ya uzito wake, robo saa au zaidi kidogo. Halafu unaizoesha juisi taratibu, tofauti ya joto isizidi nyuzi 10. Watu wanaimwaga kutoka kwenye uji wa nyuzi 38 moja kwa moja kwenye juisi ya nyuzi 15 halafu wanalalamika mvinyo umeacha kuchachuka katikati.

Binti_Mpunguzi

Kijana, tuma barua yako kwa ujumbe binafsi. Utakuja kuosha tangi na mpira kama wenzako, na nauli ya kuja Dodoma tutairudisha upate kazi usipate. Uzoefu wa mvinyo si sharti. Sharti ni kwamba kipimo kikitoka kibaya unaniambia dakika hiyohiyo. Tangi likianza kunuka yai bovu na nikajua jioni hiyo, naingiza hewa, nahamisha, linaokoka. Nikijua baada ya siku nne, harufu imeshajifunga humo. Ndiyo maana kwangu atakayeleta habari mbaya hatafokewa.

Mkataba_Kwanza

Nachangia upande wa sheria, maana kwenye mavuno ndipo watu wanaiweka kando.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, kwa makubaliano, na malipo yake si chini ya mara moja na nusu ya kawaida. Saa za ziada zenyewe zina kikomo: 50 ndani ya wiki nne. Kwa hiyo huyo mtu wako wa ndani huwezi kumkesheza kila siku Agosti nzima peke yake. Ukiona hesabu inagoma, unahitaji watu wawili kwa msimu. Na kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5 kwa kila saa. Mkianza kuvuna saa kumi alfajiri kama wanavyofanya huko Rasi, Afrika Kusini, iwekeni kwenye hesabu.

Maelezo ya ajira kwa maandishi ni lazima. Msamaha upo kwa anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja, lakini kibarua wa mavuno ya wiki tatu ameshazidi hapo. Andika karatasi moja kwa Kiswahili: jina, kazi, anapoanza, saa, malipo na siku ya kulipwa. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu anayemwamini. Mtu wa kudumu aandikishwe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri unachangia angalau nusu yake, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ujisajili ili akiumia asiwe mzigo wa familia mbili.

Mambo mawili ya shambani. Mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi, hata kama mama yake anavuna na anasema anamsaidia tu. Na mama anayenyonyesha ana haki ya kutoka kunyonyesha, jumla hadi saa mbili kwa siku. Tengeneza kivuli na maji safi karibu na shamba, mtoto mchanga abaki na bibi yake pale. Utapata wavunaji wazuri mno kwa kufanya hivyo tu, kwa sababu huku wavunaji wengi ni kina mama.

Shangazi_AreaC

Hilo la kivuli ni kweli tupu. Kina mama wanaambiana. Wakijua kwa fulani kuna maji, kuna choo, na unalipwa jioni ileile bila kuzungushwa, wanakuja kabla hujatangaza. Wanaozungusha hela za watu mavuno ya Machi ndio wanaohangaika kutafuta wavunaji Agosti.

Mzee_wa_Veyula

Na chai ya saa mbili, binti, na mihogo au maandazi. Mtu ameamka saa kumi, ametembea kutoka Mpunguzi juu, unategemea achague punje tano zilizooza kwa tumbo tupu?

Binti_Mpunguzi

Nimekaa na familia jana jioni, nawaletea tulichokubaliana.

Vibarua watalipwa kima cha siku na nyongeza kwa kila kreti iliyopita mezani, malipo jioni ileile. Mama atasimama kwenye meza ya ukaguzi kwa sababu wavunaji wanamheshimu na yeye hana upendeleo. Tutaanza saa kumi na mbili kamili asubuhi, chai saa mbili, shamba linafungwa saa nne, na jioni wachache wanarudi kuosha kreti. Kivuli na tangi la maji vitakuwepo.

Ndani tutachukua wawili badala ya mmoja, kutokana na hesabu ya saa za ziada aliyotupa mkuu hapo juu. Mmoja wa kudumu kuanzia Juni, mwingine wa msimu kuanzia katikati ya Julai mpaka mvinyo wa mwisho utulie. Binamu yangu wa Kondoa amekubali kuja kwenye usaili, na mama yake ameambiwa. Kabla ya mavuno nitawapeleka wote wawili watakaopata kazi TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo, wakatembee shambani, waone aina za zabibu zikiwa kwenye mizabibu yake.

Nabaki na swali moja kwa Mtu_wa_Matangi. Ukuta wetu wa chini ni wa mawe, fundi anaogopa kutoboa tundu kubwa. Matundu mawili madogo yanatosha?

Mtu_wa_Matangi

Yanatosha kama yanatazamana, moja upande wa feni na jingine ukuta wa pili, ili hewa ipite sakafuni kutoka huku hadi kule. Yote mawili yasizidi sentimita 20 kutoka chini. Weka wavu wa nzi kwa nje, na uoshwe kila wiki, maana ukiziba vumbi feni inazunguka bure. Swichi ya feni iwe nje ya mlango, mtu aiwashe kabla hajaingia.

Mzee_wa_Veyula

Binti, nina kreti za ziada hapa Veyula, zimekaa tu tangu nipunguze shamba. Mtume kaka yako Jumamosi aje na gari, tutaelewana bei.